Kiti cha uvivu cha chuma: jinsi ya kukifufua kikae ndani na nje

Kabla hujanunua msasa wala rangi, kipindue kiti miguu juu, shika spana, ugonge mabomba yake taratibu kuanzia mgongoni kushuka chini, huku umetega sikio. Bomba zima hulia kwa sauti kali inayodumu kidogo. Lililooza hutoa mlio mfu, kama unagonga gunia. Changu kililia vizuri mgongoni, kikalia vizuri mikononi, na nilipofika kwenye zile reli mbili zinazolala sakafuni mahali pa miguu, sauti ikazima. Nikabonyeza kwa ncha ya bisibisi, ikazama bila ubishi. Nilipoichomoa yakachuruzika maji mekundu kama chai ya rangi, na nyuma yake magamba ya kutu membamba kama maganda ya kitunguu. Ilikuwa katikati ya Februari, kaskazi inavuma, na hapa Tanga hatukuwa tumeona mvua ya maana kwa wiki nyingi. Maji yale yalikuwa yamekaa humo tangu vuli.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja kuhusu viti vya chuma, na kazi yote nitakayokuelekeza hapa imesimama juu yake: chuma cha pwani huliwa na chumvi pamoja na maji yaliyokosa pa kutokea. Rangi inakuja nafasi ya tatu. Ukiosha chumvi na ukayapa maji njia, hata rangi ya mafuta ya kawaida itakufikisha mbali. Usipofanya hayo mawili, rangi ya bei yoyote itabanduka.

Kiti chenyewe alikinunua marehemu baba. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967, meneja mmoja alipofungasha akauza vyombo vya nyumbani kwake. Baba akarudi na kiti cha uvivu cha bomba la inchi moja, kimepindwa kwa mkunjo mmoja mrefu kutoka mgongoni hadi magotini, kikiwa kimesukwa kamba za plastiki. Kikakaa nyumbani kwetu Ngamiani zaidi ya miaka arobaini, mchana uani, usiku ukumbini, na nakumbuka kimepakwa rangi mara moja tu. Kisha nikajenga Sahare, nikamwomba mama nikichukue, nikakiweka barazani kikitazama bahari. Masika matatu tu, reli zikaoza. Kiti kilekile, chuma kilekile. Kilichobadilika ni upepo unaokipiga.

Viti vya namna hii vina ukoo wake, na ukiujua utajua unashika nini. Mwaka 1925 Marcel Breuer, akiwa Ujerumani, alibuni kiti cha mabomba ya chuma yaliyopindwa, na mtindo huo ukaenea duniani. Mwaka 1952 Harry Bertoia akatoa viti vya nondo nyembamba zilizochomelewa kama wavu, vikiuzwa na kampuni ya Knoll ya Marekani. Lakini kisa ninachokipenda ni cha Florence Knoll mwenyewe, mbunifu aliyeiongoza kampuni hiyo. Alihamia Florida, akaona hewa ya bahari inavila viti vyake vya nje, akamwomba Richard Schultz abuni vitakavyostahimili. Vikatoka mwaka 1966: fremu za alumini, kikalio cha wavu wa uzi wa sintetiki ambao maji hupita moja kwa moja. Mbegu ya mkonge wetu nayo ilitoka Florida hiyohiyo, ikaletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwa hiyo pwani ile na hii zinajuana zamani, na tatizo la Bi Florence ni letu pia.

Sasa kazi.

Anza kwa sumaku. Chukua hata ile ya spika mbovu, igusishe kwenye fremu. Ikishika, ni chuma, na maelezo haya ni yako. Isiposhika na kiti kikawa chepesi, huenda una alumini. Hiyo haishiki kutu nyekundu, ila hupata unga mweupe, nayo haitaki kukutana na boliti ya chuma moja kwa moja. Vyuma viwili tofauti vikigusana penye maji ya chumvi, kimoja humla mwenzake. Weka washa ya plastiki katikati.

Halafu pima mlango. Watu wanaruka hatua hii, na mimi niliiruka. Kiti cha kukaa ndani na nje kinapita mlangoni kila wiki, pengine kila siku. Changu kina sentimita 74 kutoka mkono hadi mkono. Mlango wa Sahare unakipitisha. Kwa mama Ngamiani, penye mlango wa kizamani wa mbao mbili, kinapita tu ukifungua zote mbili, na ile ya kushoto ina komeo la chini ambalo mtu wa miaka themanini hawezi kuinamia. Kama unapanga kuongeza mikono mipana au kitu chochote pembeni, pima kwanza, uandike ukutani kwa chaki.

Kuhusu rangi ya zamani naomba unisikilize vizuri. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya 1950 na 1960 zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiisugue ikiwa kavu. Loweka kitambaa, lowesha rangi, tumia msasa wa maji, au paka dawa ya kubandulia rangi uikwangue ikiwa laini. Tandika turubai la plastiki chini, funga pua na mdomo kwa barakoa nzuri, watoto na kuku wakae mbali, na magamba yote yafungwe kwenye mfuko. Usipeleke grenda kwenye rangi ya zamani kwa sababu tu una haraka. Ukimaliza oga, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kamba kuukuu zikate zote. Boliti zikigoma, zipake mafuta mepesi usiku, asubuhi gonga kichwa chake mara mbili tatu kwa nyundo ndogo kabla ya kutia spana. Zile utakazotaka kuzitumia tena zitumbukize kwenye siki usiku kucha, zisugue kwa brashi ya waya, kisha zioshe kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uishe. Siki hii ni ya boliti tu. Usiimimine kwenye mabomba. Itaingia ndani, hutaweza kuisuuza, na itaendelea kula kimyakimya. Kwa uzoefu wangu ni afadhali kununua boliti mpya za stenlesi. Ukiulizwa namba, 316 inastahimili bahari kuliko 304.

Kutu ya juu iondoe kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, halafu 120. Pembe na maungio ndipo penye kazi, maana kutu hujificha kwenye mshono wa kuchomelea. Mimi hutumia kipande cha msasa nilichokikunja mara tatu kuwa kama ulimi, nakipitisha kwenye kona kwa kidole kimoja. Kazi ya mchana mzima. Usiikimbize.

Na hapa nikueleze kosa lililonigharimu mwaka mzima. Mara ya kwanza nilisugua chuma kikawa cheupe kinang'aa, nikakifuta kwa kitambaa chenye thina, nikapaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, nikapaka rangi. Kikapendeza. Mwezi wa nne yakaanza kutokea malengelenge, madogo kama mbegu za ufuta, mengi zaidi upande ulioelekea bahari. Nikachukua sindano nikatoboa moja. Kikatoka kitone cha maji. Nikakigusa kwa ncha ya ulimi: chumvi. Thina inaondoa mafuta, chumvi haiyeyushi. Chumvi iliyobaki kwenye vinyweleo vya chuma huvuta unyevu kupita kwenye rangi, maji yanajikusanya chini yake, rangi inainuka, kutu inaanza pasipoonekana.

Kwa hiyo ukishasugua, osha. Maji baridi ya bomba, sabuni ya kawaida, brashi, halafu suuza. Kisha osha tena na usuuze tena, ndoo tatu kwa kiti kimoja si nyingi. Maji ya kisima cha ufukweni usiyatumie. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, onja kwanza. Kaushia kwa kitambaa safi, weka juani. Ukiona wekundu mwepesi umejitokeza baada ya kukauka, huo ni wa juujuu, upitie kwa msasa mkavu mpya na kitambaa, uingie kwenye praima bila kulaza usiku.

Sasa reli zilizooza. Nilizipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Ngamiani, na tulibishana naye kwa heshima asubuhi nzima. Jambo la kwanza lilikuwa mchanga. Ukipinda bomba bila mashine maalumu linajikunja katikati na kuwa bapa, kwa hiyo mafundi hulijaza mchanga, wakaziba ncha, ndipo wakalipasha moto na kulipinda. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa, maana unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa unaweza kuripuka. Kijana wake alikuwa na ndoo ya mchanga tayari, mweupe, mzuri. Nikauliza umetoka wapi. "Ufukweni, mama." Nikamwomba tusubiri. Mchanga wa bahari ungebaki na chumvi ndani ya bomba hata ukimwagwa, na pale ndani hakuna brashi itakayofika. Tukatafuta mchanga wa mto, tukaukaanga kwenye karai mpaka ukaacha kutoa moshi, ndipo kazi ikaendelea.

Jambo la pili lilikuwa matundu. Fundi alitaka kuziba bomba lote kwa kuchomelea, kila ncha, kila mwanya.

"Dada, ukiliziba barabara maji yataingilia wapi?"

Nikamwambia, "Fundi, lile la kwanza lilizibwa vilevile, nawe umeona lilivyotoka."

Mshono wa kuchomelea mara nyingi huwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Mchana jua likipasha bomba, hewa ya ndani hutanuka ikatoka kupitia humo. Usiku bomba likipoa, hunyonya hewa ya nje, na hewa ya Tanga usiku ni maji matupu. Kinachoingia kwa tundu la sindano hakitoki tena kwa tundu la sindano. Hufanya mtone, mtone hushuka chini, na chini ndiko reli ziliko. Tukapima wapi reli inagusa chini zaidi kiti kikiwa kimesimama, tukatoboa kwa drili tundu la milimita 6 kila reli mbele, na jingine nyuma. Manne kwa jumla. Yapitishiwe msasa ukingoni yasiwe na makali, maana rangi hukimbia penye makali.

Bomba jipya lisiwe chini ya unene wa milimita moja na nusu. Mimi nilichukua la milimita mbili. Ukipewa la zinki ni bora zaidi kwa kutu, lakini lazima zinki iondolewe kwa grenda mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyike nje penye upepo, kwa sababu moshi wake huleta homa na kifua kubana. Baadaye sehemu ile ipakwe rangi ya zinki.

Kwa kuwa fundi alikuwa ameshakata, nilimwomba ainue kiti sentimita 5. Viti vya enzi ile viko chini sana. Mbele ya kikalio changu palikuwa na sentimita 37 kutoka sakafuni, nzuri kwa meneja wa miaka thelathini anayenyoosha miguu, lakini mama alikuwa akikaa lazima tumshike mikono miwili kumwinua. Sasa pana sentimita 42 na anajiinua mwenyewe kwa kushika mikono ya kiti. Ukiinua, inua mbele na nyuma sawasawa ili mgongo ubaki ulivyolala. Ukiinua mbele peke yake unamzamisha mkaaji zaidi.

Siku ya kupaka rangi huchaguliwa. Kwetu ni Januari na Februari, hewa ikiwa kavu kidogo. Masika usithubutu. Hata wakati wa kaskazi usianze kabla ya saa nne asubuhi. Umande hukaa kwenye chuma baridi bila kuonekana. Weka kiganja: ukihisi ubaridi wa unyevu, subiri. Saa tisa alasiri funga kopo. Pakia upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari, vinginevyo unapaka chumvi pamoja na rangi.

Praima ya zinki ni nzuri kuliko ile nyekundu ya kawaida, lakini nyekundu nayo inafanya kazi kama chuma kimeoshwa. Kabla ya kupaka mwili mzima, chukua brashi ndogo upake kwanza mishono yote, ukingo wa matundu, pembe na vichwa vya maungio. Acha ishike. Ndipo upake kiti chote juu yake. Sehemu hizo ndizo rangi huzikimbia inapokauka, na ndizo kutu huanzia, kwa hiyo zinapata tabaka moja zaidi ya wenzake. Halafu zimua praima kidogo kwa thina, mimina kwenye matundu ya reli kwa bomba la sindano, inamisha kiti huku na huku kama unayesuuza chupa, imwagike yenyewe. Itachafua. Tandika magazeti. Ni hatua ambayo hakuna atakayeiona, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Rangi ikianza kushika, pitisha msumari kwenye kila tundu usiache limezibwa.

Praima mbili, rangi tatu nyembamba. Nyembamba. Tabaka nene hukauka juu likabaki bichi chini, na jua letu hulipasua. Katikati ya tabaka sugua kidogo kwa msasa namba 400 wenye maji. Kama una uwezo wa kupata karakana yenye tanuri, rangi ya unga inayookwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 ni imara kuliko brashi yoyote, na masharti ni yaleyale: chumvi itoke kwanza, matundu yawepo. Rangi ya unga juu ya chumvi hubanduka kwa vipande vikubwa, na kuitengeneza nyumbani ni taabu.

Rangi nyeusi iache kwa kiti cha ndani. Chuma cheusi kikikaa juani saa saba mchana hubabua mkono. Nilipaka kijani cha majivu, rangi ya jani la mkonge, kwa ajili ya baba.

Kisha usikikalie wala kukisuka kwa siku saba. Rangi ya mafuta huhisi kavu mapema kabla haijakomaa, na kamba ikibanwa juu ya rangi changa itang'oka nayo.

Kusuka ndiko penye raha. Nilipenda nisuke kwa kamba ya katani, tuko Tanga, inavyopendeza na inavyonukia. Kwa kiti cha ndani tu, suka katani bila wasiwasi. Lakini kikipigwa na mvua, katani hunywa maji, huvimba, hupata ukungu, na ndani ya misimu michache huoza. Kwa kiti cha kote kote nenda kwenye maduka ya zana za uvuvi. Wauzaji huita kamba zote nailoni, basi omba kipande ukitie kwenye ndoo ya maji. Ikielea, ni ile nyepesi ambayo jua huifanya iwe na vumbivumbi na kukatika. Ikizama, ni nailoni yenyewe au poliesta. Zivute zote mbili kwa nguvu: nailoni hutanuka, na ikilowa hulegea, kikalio kikafanya tumbo. Poliesta hutulia. Chukua poliesta ya milimita 6.

Hesabu ya urefu hufanywa hivi. Kwangu upana kati ya bomba na bomba ni sentimita 55, na urefu wa kusukwa, kikalio pamoja na mgongo, ni sentimita 110. Mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, hula kama sentimita 118 ukihesabu na kuzunguka bomba. Nikiacha nafasi ya unene wa kamba moja kati ya mzunguko na mzunguko, napata kama mizunguko 92. Hiyo ni mita 108 na ushei, nikanunua 120. Nafasi ile usiibanie. Ndiyo inayopitisha maji na upepo.

Msuko ni wa nane. Kamba hupita juu ya bomba la kushoto, huzunguka chini yake, huja katikati, huvuka na kupanda juu ya bomba la kulia, huzunguka chini, hurudi katikati, huvuka tena. Ukiangalia kutoka mbele unaona nane iliyolala. Uzuri wake ni kwamba kila kamba humkaza mwenzake pale zinapovuka, kwa hiyo moja ikikatika kiti hakifunguki chote. Kila baada ya mizunguko kumi, izungushe mara mbili kwenye bomba kabla ya kuvuka, isiteleze kwenye mteremko wa mgongo.

Nilianza kwa kuvuta kwa nguvu zangu zote. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akinitazama. Yeye amesuka ukili tangu msichana, vidole vyake vinajua kinachoitwa mkazo. Akasema, "Mwanangu, usiivute kwa hasira. Ivute kama unayefunga mtoto mgongoni." Nikalegeza. Alikuwa na haki, maana mizunguko tisini iliyovutwa kwa nguvu huyavuta mabomba mawili kuingia ndani, na fremu hupinda katikati. Kipimo chake nimekishika: weka ngumi katikati ya kikalio, egemeza uzito wa mkono. Izame kina cha vidole viwili, irudi. Ikizama zaidi, imelegea. Isipozama, fungua urudie. Ncha ya mwisho ifunge chini pasipoonekana, iyeyushe kidogo kwa moto wa kiberiti isichanuke.

Mto ni mfupi kuuelezea. Sponji, kifuniko cha kitambaa kigumu ambacho uzi wake umetiwa rangi kabla ya kufumwa, zipu ya plastiki, na upande wa chini kitambaa cha wavu maji yatoke. Sufi ni laini na ni ya kwetu, lakini ikilowa hujikusanya mabonge na kunuka. Ibaki kwa mito ya ndani. Mto hauachwi nje usiku.

Kwa ajili ya sakafu, reli hazipaswi kugusa marumaru. Tone la kutu likishaingia kwenye kiungo cha marumaru halitoki kirahisi, na mpira mweusi nao huacha alama. Nilikata vipande vinne vya bomba la maji la plastiki nene, kila kimoja sentimita 5, nikavipasua upande mmoja, nikavivisha kwenye reli. Vifupi makusudi. Ukivisha reli nzima utanasa maji katikati ya plastiki na chuma, umerudi ulikotoka. Vikae mbali na matundu, navyo vinaiinua reli kidogo kutoka chini ili tundu lipumue.

Na utunzaji. Watu hudhani kiti kilichoko chini ya paa la baraza kiko salama kuliko kinachonyeshewa. Kwa pwani mara nyingi ni kinyume. Mvua huosha chumvi. Paa huizuia mvua lakini haliuzuii upepo, na chumvi inarundikana wiki hata wiki. Kiti cha barazani ndicho kinachohitaji maji yako. Kila Ijumaa asubuhi, nikisafisha nyumba, nakimwagia ndoo moja ya maji baridi kuanzia juu, napitisha kitambaa chini ya mikono na nyuma ya maungio, nakiacha kikauke juani kabla ya kukirudisha. Ukiona mkwaruzo umefika kwenye chuma, utie praima siku hiyohiyo kwa ncha ya kijiti.

Masika ya kwanza baada ya kazi hii nilikiacha nje kwa makusudi, usiku kucha, mvua ya Aprili. Asubuhi nikakiinua upande mmoja. Matundu matatu yalidondosha maji safi, tone baada ya tone, bila wekundu. La nne halikutoa kitu. Nikachungulia: nyigu alikuwa ameshajenga humo, ameliziba kwa udongo vizuri kabisa. Kwa hiyo weka kipande cha waya wa baiskeli kwenye mfuko wa mto, na kila mwezi upitishe kwenye matundu yote manne.